Tezo la Marehemu Baba na Safari ya Nungwi

Marehemu baba alikuwa seremala. Alipofariki dunia mwaka juzi, Allah amrehemu, aliacha nyumba ya vyumba vitatu, baiskeli moja, na sanduku la mninga lililokaa miaka yote chini ya kitanda chake. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na zana 17. Naijua idadi yake kwa kuwa niliziorodhesha mwenyewe, kwa mazoea ya ukatibu wa msikiti: randa mbili, msumeno mmoja, patasi tano, nyundo mbili, tupa mbili, keke na uta wake, timazi, kinoo, koleo na tezo.

Msumeno ulikuwa na jina la mji wa Sheffield wa Uingereza, na randa nazo zilitoka ng'ambo. Lakini patasi tatu, keke na tezo zilifuliwa na kuchongwa hapa hapa kwetu. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam baba alipata kufanya kazi ya kuunda vyombo vya baharini kaskazini mwa Unguja, akiwa kijana, na tezo lile alilinunua huko kwa mhunzi aliyelifua kutokana na kipande cha springi ya gari. Katika zana zote 17, hilo ndilo aliloliweka juu kabisa, limefungwa kwa kitambaa chenye mafuta.

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Nungwi sina budi kukiri jambo. Mimi ni mtu ninayeandika, kwa niaba ya kamati, barua za kuwahimiza waumini wagawe mirathi mapema na wasile haki za warithi wenzao. Nyumba ya baba tuliishughulikia kwa mujibu wa sharia. Baiskeli ilithaminiwa. Sanduku la zana nililichukua tu nikaliweka kwangu, na hapana aliyeuliza, kwa kuwa kila mmoja aliona ni chuma kikuukuu. Mdogo wangu alisema hata muuza chuma chakavu akipita na mizani yake, lisiachwe. Nami nikajisifu moyoni kuwa nimeliokoa.

Siku moja baada ya Alasiri alinijia kijana mmoja wa madrasa yetu, yatima anayejifunza useremala kwa fundi wa mtaani. Alisikia kuwa nina tezo. Alikuwa na gogo la mwembe la kuchonga, na fundi wake hana chombo cha ziada. Akaniomba nimwazime kwa siku mbili. Nikamjibu kwa upole, na upole huo leo unaniuma kuliko ukali, kwamba tezo lile ni kumbukumbu ya marehemu na halitoki nyumbani.

Magharibi ya siku hiyo imamu alisoma Suratul Maa'uun. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni, na chuoni tulifundishwa tafsiri yake: kwamba miongoni mwa masahaba, Ibn Mas'ud (r.a.) alilifasiri neno la mwisho la sura hiyo kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Wengine walisema ni zaka. Niliyajua yote hayo kwa ajili ya mtihani. Safu ya pili, nyuma yangu kidogo, alikuwa amesimama yule kijana.

Hata hivyo sikumpelekea tezo. Nafsi ilinipa hila nyingine: kwanza nilitengeneze ling'ae, kisha nitaona. Nilikuwa nimekwisha kufikiria kulitundika sebuleni, ndani ya kabati la kioo. Nikaazima mashine ya umeme ya kusagia chuma, ile ambayo mafundi huiita grainda, nikalisaga mpaka cheche zikaruka ukutani. Liling'aa kweli. Lakini ukingo wa makali ukageuka rangi ya buluu, na nilipojaribu kuchonga ubao, makali yakajikunja kama bati. Fundi wa mtaani alilitazama akatikisa kichwa. Akaniambia, "Katibu, umelitoa matiko. Mimi siwezi kulirudisha. Wapelekee waunda vyombo wa Unguja, wao bado wanaishi na vitu hivi."

Ndivyo nilivyopanda boti asubuhi ya Jumamosi moja, tezo likiwa limefungwa kwenye kitambaa kile kile cha baba.

Kutoka mjini Unguja hadi Nungwi ni mwendo wa daladala namba 116, kuelekea kaskazini kupitia Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni. Njia huanza kwenye minazi na migomba, ikapita mashamba ya miwa ya Mahonda, kisha ardhi hubadilika polepole ikawa ya mawe ya matumbawe, yenye vichaka vifupi. Abiria hushuka mmoja mmoja na mafungu yao ya mboga na madumu ya mafuta, na kwa salamu zao unajua kuwa wote wanajuana. Ukifika Nungwi umefika ncha ya kisiwa. Mbele yako hakuna kingine ila bahari.

Wageni wengi huenda Nungwi kwa ajili ya mchanga mweupe na hoteli. Mimi niliifuata sauti. Kabla hujaviona vyombo utazisikia zana: ko, ko, ko ya tezo juu ya ubao, na katikati yake mlio mwembamba wa keke. Nikakuta, baina ya mahoteli na maji, uwanja wa mchanga wenye mashua mbili zilizofika hatua mbalimbali na jahazi moja lililosimama juu ya magogo, mbavu zake zikiwa wazi. Vumbi la mbao lilikuwa limechanganyika na mchanga, na upepo ulileta harufu ya sifa, yaani mafuta ya papa ambayo hupakwa kwenye vyombo.

Nilikaa kwanza chini ya kivuli cha makuti nikatazama. Kazi huanza kwa mkuku, gogo refu lililonyooka ambalo ndilo uti wa mgongo wa chombo. Kisha huja mataruma, yaani mbavu. Haya hayapindwi kwa moto. Fundi huyatafuta mwituni na mashambani kwenye matawi ambayo Mwenyezi Mungu ameyaumba yakiwa yamekwisha kupinda, hasa ya mwembe na mfenesi. Hapana mchoro wa karatasi. Vipimo vimo katika jicho, katika kamba na katika mkono. Mbao zikikutana, uwazi baina yake hujazwa pamba iliyoloweshwa mafuta, ikasindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo huitwa kutia kalafati, na ikikosewa chombo kizima huwa kimekosewa.

Nikahesabu zana zao. Misumeno, nyundo na tupa zilikuwa za kiwandani, nyingi kutoka ng'ambo. Lakini tezo, shoka dogo, patasi za kalafati na keke zilikuwa za mkono wa mhunzi na mchongaji wa huko huko. Keke ni kijiti kilichokerezwa, chenye ncha ya chuma chini na kishikio kinachozunguka juu. Fundi huzungusha kamba ya uta kwenye kijiti, akausukuma uta na kuuvuta kama anayekata kwa msumeno, na ncha huzama ndani ya mbao ngumu pasi na umeme wala kelele. Kila msumari hutanguliwa na tundu la keke ili ubao usipasuke. Na kabla ya misumari kutumika, pwani yetu ilikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi kupitia matundu kama hayo.

Nilipotoa salamu na shikamoo, mzee aliyekuwa akichonga taruma aliitika, akaweka zana yake chini. Sikuhitaji kujieleza sana. Alifungua kitambaa, akaligeuza tezo mara mbili, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akanusa kitambaa.

"Hiki ni kitambaa cha mtu aliyependa kazi," akasema. "Yuko wapi mwenyewe?"

Nikamwambia. Akaomba dua fupi, nasi tukaitikia amina, yeye, mimi na vijana wawili waliokuwa karibu. Nikamuuliza kama anaitambua alama ya nukta tatu iliyogongwa shingoni mwa tezo. Akasema hapana, wahunzi walikuwa wengi na wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nilikuwa nimetumaini nitapata jina. Sikulipata.

"Nimeliua, mzee?"

"Hujaliua, mwanangu. Umeliunguza tu. Chuma kina subira kuliko sisi."

Akanipeleka kwa mhunzi, mwendo mfupi nyuma ya nyumba. Kiwanda chenyewe kilikuwa paa la makuti juu ya nguzo nne. Zamani wahunzi walivuvia moto kwa viriba vya ngozi. Huyu alitumia feni ndogo inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi, ambayo huwaka kwa ukali na kuacha majivu machache. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu lilikuwa nini. Chuma cha springi kikitiwa moto mpaka kikawa chekundu sawasawa, kisha kikazamishwa ghafla, huwa kigumu mno, lakini ugumu huo ni kama wa kioo: kikianguka huvunjika. Kwa hiyo mhunzi hukisugua ukingo mpaka ung'ae, akakirudisha motoni taratibu kutoka upande wa nyuma, huku akitazama rangi zinavyotembea kuelekea kwenye makali. Huja kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu. Kila rangi ina daraja lake la ugumu. Patasi husimamishwa mapema. Tezo, kwa kuwa hupigwa kwa kishindo, huachwa lisogee kidogo kuelekea zambarau. Buluu ni daraja la springi, chuma cha kunepa na kurudi, si cha kukata. Mashine yangu ya umeme ilikuwa imeyapeleka makali ya baba hadi kwenye buluu kwa nusu dakika.

Mhunzi alilichoma tezo, akalizamisha katika mafuta machafu ya injini, wala si maji, kwa kuwa maji huweza kulipasua. Kisha akalisugua kwa jiwe na kulirudisha motoni. Rangi zikatembea. Sote watatu tulinyamaza. Ilipofika kahawia inayoelekea zambarau akalizamisha tena, akapitisha tupa juu ya makali, nayo tupa ikateleza pasi na kung'ata. Akaniambia nikalinoe kwa kinoo na maji, kwa mkono wangu, na mashine nisiiguse.

Ufundi huu si mgeni katika nchi yetu. Wahunzi wa ukoo wa Washana wa Ugweno, katika Upare, walifua chuma kilichofika mpaka kwa Wachaga. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma, na huko Buhaya wanaakiolojia wamechimbua tanuri zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Na baada ya Azimio la Arusha la 1967 taifa lilipata kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China. Katika familia nyingi lingalipo jembe la UFI lililolika mpaka likabaki nusu, na bado linalima.

Nilimuuliza mzee, wakati tukisubiri tezo lipoe, kama kila kilichofuliwa hapa nchini ni chema. Akacheka. Alisema zipo zana zetu mbovu tele, zilizofuliwa kwa nondo laini za kujengea nyumba, ambazo hata uzitie matiko mara kumi hazishiki. Naye alinifundisha namna ya kuchagua, nami nayaandika mafundisho yake kwa faida ya yeyote anayekwenda kununua panga, shoka au patasi.

Ligonge chuma kwa chuma: lenye uzima hulia kwa sauti ndefu, na lenye ufa huitika kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Pitisha tupa kwenye makali: ikizama kwa urahisi, chuma ni laini, ikiteleza, kimeshika matiko. Tazama tundu la mpini, liwe limenyooka na ubapa wake. Tazama mpini wenyewe, nyuzi za mti zitembee kutoka mwanzo hadi mwisho pasi na kukatika njiani. Mpera ni mzuri kwa kuwa ni mgumu na hunepa. Na la mwisho, uliza: aliyekifua yuko wapi? Hilo ndilo alilolitilia mkazo zaidi. Zana ya ng'ambo ikiwa njema, na zipo njema nyingi, unaitumia mpaka ife. Zana ambayo fundi wake yuko mtaa wa pili ikiharibika unamrudishia, ukikosea anakufunza, na mwanao akikua anajua pa kwenda.

Kisha mzee akaniuliza swali nililokuwa nikilikimbia. "Sasa utalifanyia nini? Maana wewe, kwa mikono hiyo, si seremala."

Nilimweleza habari ya kabati la kioo. Hakunilaumu. Aliokota tezo lake mwenyewe, ambalo ubapa wake ulikuwa umelika kiasi cha kubaki mfupi kuliko kiganja, akaniambia kuwa mabaharia na waunda vyombo wanayo kauli ya wazee: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Kisha akarudi kwenye taruma lake, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na kazi ilikuwa inamngoja.

Usiku ule nililala Nungwi kwa jamaa wa imamu wetu. Baada ya Isha nilikumbuka riwaya iliyomo katika Sunan za Abu Dawud na Ibn Majah, ambayo wanazuoni wameijadili isnadi yake lakini maana yake ni mashuhuri. Mtu mmoja wa Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) akiomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani, akaviuza vitu vyake viwili, nguo na bakuli, kwa dirhamu mbili. Moja ilikuwa ya chakula cha familia yake, na ya pili akamwamuru anunulie chombo cha kukatia. Neno lililotumika ni qaduum, ambalo kwa Kiarabu ni tezo, na wengine hulifasiri shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma yule mtu akakate kuni na kuuza, na baada ya siku 15 alirudi akiwa na dirhamu 10. Nilikwisha kuisimulia riwaya hiyo katika darsa zangu mara nyingi, nikisisitiza ubaya wa kuombaomba. Sikuwahi kukaa nikaufikiria ule mpini: kwamba mtu asiye na zana alipewa zana, na aliyempa alihakikisha inashikika.

Niliporejea Dar es Salaam nilifanya kwanza lile nililopaswa kulifanya mwaka juzi. Nilimwita mama, wadogo zangu wawili na dada yetu, nikaliweka sanduku katikati ya mkeka, nikawaomba radhi. Nikawaambia kuwa hizi ni mali zao kama zilivyo zangu, na kwamba nina maombi: tukiridhia sote, tuziweke wakfu msikitini, ziazimwe. Mdogo wangu, yule wa chuma chakavu, aliliinua tezo, akajikata kidole kidogo kwa kuligusa tu, akacheka kwa mshangao. Alikuwa wa kwanza kuridhia. Mama alisema, "Baba yenu hakuwahi kununua kabati la kioo." Dada aliomba abaki na timazi, na hiyo ni haki yake, tukampa.

Kamati ilipokea zana 16. Tumeziwekea daftari lenye safu tano: jina la mwazimaji, zana, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, na hali yake. Masharti ni mawili tu. Zana irudishwe ikiwa imenolewa kwa mkono, na mwenye kuvunja mpini atie mpini mwingine. Tangu hapo waumini wawili wameongeza vya kwao: shoka moja, na jembe la UFI lililokuwa limelala stoo. Wengine wameuliza kama tunapokea vitu kutoka kwa warithi, nasi huwajibu kwanza: je, wote wameridhia?

Jina la kwanza katika daftari ni la yule kijana. Nilimpelekea habari kwa mguu wangu na nikamwomba msamaha mbele ya fundi wake. Alitahayari kuliko mimi. Gogo lake la mwembe lilikuwa limekwisha chongwa kwa panga, vibaya, kwa kuwa kazi haikuweza kumngoja. Tezo alilichukua kwa kazi nyingine, marufaa sita za kuwekea misahafu katika madrasa yetu, ambazo zilikuwa zimelegea miguu.

Wiki iliyopita alilirudisha. Makali yana pengo dogo, kwa kuwa aligonga msumari uliojificha ndani ya ubao. Alisimama mlangoni akiwa ameshusha macho, akisubiri nitakavyosema. Nilimwambia aingie, nikatoa kinoo na maji, tukaketi sote wawili barazani mwa msikiti tukalinoa mpaka adhana ya Magharibi. Pengo halijaisha. Litahitaji siku mbili nyingine.

Wabillahi tawfiq.